Erika ya mlimani: maswali ninayoulizwa kila mara

Kila nikiposti picha ya kile kichaka chenye vimaua vyeupe vidogo kutoka Kilimanjaro, maswali yanayokuja ni yaleyale, kwa hiyo nimeamua niyaweke yote sehemu moja. Nazungumzia Erica arborea, mimi naiita erika tu. Kama una haraka nenda moja kwa moja kwenye swali la maji na yale ya moto, hayo ndo yananiuma.

Hiki ni kichaka au ni mti?

Vyote viwili, na sikwepi swali. Mara nyingi utaikuta ni kichaka cha mita 1 hadi 4, mashina mengi yametoka chini kwa pamoja yakasambaa. Lakini ikipata unyevu wa kutosha na ikakaa miaka mingi bila kuguswa na moto inarefuka inakuwa mti kabisa, shina linajipinda, linajaa mafundo, na wewe unapita chini yake na begi lako mgongoni. Hata jina lenyewe linasema hivyo, arborea ni Kilatini, maana yake yenye umbo la mti, na aliyeipa jina hilo ni Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753. Ukoo wake ni mmoja na azalea, rododendroni na zile blubberi watu wanazoweka kwenye keki.

Nitaitambuaje nikiiona?

Anza na majani. Ni kama sindano fupi, urefu milimita chache tu, yamejipanga matatu matatu au manne manne kuzunguka kijiti, na kingo zake zimejikunja kwa chini. Ukipitisha kiganja juu ya tawi halikuchomi, ni laini kuliko linavyoonekana. Vijiti vichanga vina manyoya manyoya.

Halafu maua. Ni kengele nyeupe za kama milimita 3, ndani unaona vidoa vya kahawia, na yanakuja mamia kwa mamia kwenye ncha za matawi mpaka ukiwa mbali unadhani kuna sakitu imebaki haijayeyuka. Isogelee unuse, ina harufu ya asali kabisa, na asubuhi jua likianza kupiga harufu inatembea njia nzima.

Hapa wengi wanachanganya, maana Kilimanjaro kuna erika zaidi ya moja. Kuna Erica excelsa, ndo ile ndefu inayotengeneza msitu wa juu, na kuna Erica trimera ambayo inapanda juu zaidi. Majani yao yanafanana sana na ya arborea lakini maua yao hata huyaoni, ni vitu vidogo vya rangi ya kijani na wekundu, havihangaiki kupendeza kwa sababu chavua yao inabebwa na upepo. Vitabu vya zamani viliziweka kwenye kundi lingine lililoitwa Philippia, baadaye wataalamu wakaona ni ndugu wakaziingiza kwenye Erica, kwa hiyo ukikuta jina la Philippia usishtuke. Kifupi ni kwamba kengele nyeupe zenye harufu ya asali ni arborea.

Inapatikana wapi?

Kwetu ni mmea wa juu. Kilimanjaro unaanza kuingia kwenye eneo lake msitu mnene ukiisha, kama mita 2,800 hivi, na vichaka vya jamii hii vinaendelea, vikizidi kuwa vifupi, mpaka karibu na mita 4,000. Ipo Meru, ipo Mlima Kenya, Aberdare, Elgon, Rwenzori, na Ethiopia ipo kwa wingi sana kwenye milima ya Simien na Bale, Waamhara wanaiita asta.

Kinachowashangaza watu ni kwamba mmea huuhuu, spishi ileile, uko Hispania, Italia, Corsica, Ugiriki, kaskazini ya Algeria, na upo pia katikati ya Sahara, juu kwenye milima ya Tibesti kule Chad, umezungukwa na jangwa pande zote. Ulaya hauhitaji kupanda sana kama huku, unaweza kuukuta kwenye vilima karibu na bahari, kwa sababu baridi yao inashuka mpaka chini.

Sasa umefikaje huko kote? Nani kaupeleka?

Wenyewe. Mbegu zake ni kama vumbi, hazifiki hata milimita moja, na upepo wa mlimani mnaujua. Pia hali ya hewa haikuwa hivi siku zote, wakati wa zama za barafu mimea ya baridi ilishuka chini kwenye milima yetu, maeneo yake yakapanuka yakasogeleana, halafu joto liliporudi ikapanda tena ikabaki imejitenga kila mmoja na kilele chake kama watu waliokwama visiwani. Pale karibu na Mandara, kempu ya kwanza ya njia ya Marangu, kuna kasoko ya Maundi, yaani shimo la volkano ya zamani, ambayo watu wengi wanaenda kuitembelea jioni wakishafika kempu wanapiga picha wanarudi. Chini ya ile kasoko kuna tabaka za matope yenye chavua ya zamani sana, watafiti wamechimba humo na wamesoma historia ya mimea ya mlima kwa miaka kama 90,000. Mimi nikikaa pale siku hizi naangalia chini zaidi kuliko juu.

Halafu kuna jambo moja ambalo nalipenda kwa moyo wote. Watu wengi walidhani ni mmea wa Ulaya uliofika Afrika. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ukaonyesha mwelekeo wa kinyume, kwamba ilitoka upande huu wa Afrika ikasambaa kwenda kaskazini magharibi. Kwa hiyo ile bustani ya Ulaya unayoiona kwenye picha ina mgeni kutoka kwetu.

Kuna erika ngapi duniani?

Zaidi ya 800, na nyingi mno ziko Cape, Afrika Kusini. Arborea ni moja ya zile chache zilizotembea mbali.

Kwa nini kila mara unasema erika inatuletea maji? Si ni barafu ya kileleni?

Hili swali nalijibu karibu kila wiki na nitaendelea kulijibu.

Barafu ya Kibo ni nzuri na inasikitisha kuiona inaisha, lakini mchango wake kwenye mito yetu ni mdogo sana ukilinganisha na mvua na ukungu. Mvua nyingi ya Kilimanjaro upande wa kusini inanyesha msituni, inafika kilele chake kama mita 2,200, kisha kadiri unavyopanda inapungua, na kule juu kabisa ni kama jangwa la baridi. Sasa katikati, kwenye ukanda wa erika, mvua imepungua lakini mawingu yanapita hapohapo, karibu kila siku mchana ukungu unapanda kutoka chini unafunika kila kitu, mliopanda mnajua, saa nane huoni mtu aliye mita kumi mbele yako.

Ule ukungu ni matone madogo mno, hayana uzito wa kudondoka yenyewe. Yanapita na upepo. Sasa yakikuta mti wenye majani mapana machache mengi yanapita pembeni, lakini yakikuta erika, yenye maelfu ya sindano nyembamba, yanagonga, yananasa, yanaungana yanakuwa tone kubwa, tone linadondoka. Na matawi yake yamevaa kuvumwani wale wa kijivu wanaoning'inia kama ndevu na kijani kile laini kinachoota kama zulia kwenye shina, vyote hivyo vinanyonya na kushika maji kama sponji. Chini kuna udongo mweusi wa majani yaliyooza, nao unashika. Kwa hiyo unaweza ukawa umesimama hapo hakuna mvua hata kidogo, njia uliyopitia kwenye nyasi ni kavu, ila chini ya erika kunadondoka tu tap tap tap na koti lako linalowa.

Maji hayo yanazama, yanatoka chini kwenye chemchemi, yanaingia kwenye mito na ile mifongo, mifereji ya Wachaga inayomwagilia migomba na kahawa, mengine yanaenda mpaka mto Pangani na bwawa la Nyumba ya Mungu. Mtu anayewasha taa kwa umeme wa maji ya Pangani au anayelima mpunga Moshi chini anaweza asiwe amewahi kuiona erika maisha yake yote, lakini wanajuana.

Moto unaanzaje kule juu, si kuna baridi?

Baridi haizuii moto, ukavu ndo unauleta. Miezi ya Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na Agosti hadi Oktoba kabla ya vuli, kule juu kunakauka sana, unyevu wa hewa unashuka na jua la mita 3,500 ni kali. Na erika yenyewe, lazima niseme ukweli hata kama naipenda, inawaka vibaya mno. Ina vijiti vyembamba vyembamba, matawi makavu yaliyobaki ndani ya kichaka, kuvumwani waliokauka, na majani yake yana mafuta yanayoshika moto hata yakiwa mabichi. Moto ukiingia humo unaruka kutoka kichaka hadi kichaka na upepo unausukuma juu.

Anayeuwasha ni mtu karibu mara zote. Warina asali wanaotumia moshi wakaacha mwenge haujazimika, majangili, mtu anayejipikia, mtu na sigara yake. Oktoba 2020 Kilimanjaro iliwaka siku nyingi, mamia ya watu walipanda kuuzima, wanafunzi na wanakijiji wakiwemo, wengine wakipiga moto kwa matawi tu. Oktoba 2022 ikawaka tena, safari hii kuanzia upande wa kempu ya Karanga. Mlima Kenya nao ulichomeka vibaya Machi 2012.

Mtafiti Andreas Hemp, ambaye ameisoma mimea ya Kilimanjaro kwa miongo kadhaa, aliandika mwaka 2005 kwamba moto umeshusha mpaka wa juu wa msitu kwa mita mia kadhaa tangu 1976, na kwamba hasara hiyo ya msitu wa juu kwa upande wa maji ni kubwa kuliko hasara ya barafu kuyeyuka. Naomba uisome sentensi hiyo mara mbili. Dunia nzima inalia na barafu yetu na kamera zote zimeelekezwa kileleni, huku chini yake kitu kinachonasa maji kinaungua na watu wanapita.

Lakini nimesoma erika ikiungua inachipua tena, sasa tatizo liko wapi?

Umesoma vizuri. Arborea ina uvimbe mgumu wa mti pale shina linapokutana na mizizi, umefukiwa nusu kwenye udongo, una akiba ya chakula na macho ya kuchipulia. Moto unapita juu, matawi yote yanabaki mifupa myeusi, lakini baada ya muda unaona vichipukizi vya kijani vinatoka chini. Excelsa nayo inarudi vizuri baada ya moto, ndo maana moto wa mara chache unaweza hata kuipanua sehemu ambazo miti mingine imekufa.

Tatizo ni mara ngapi. Kichipukizi kinahitaji miaka mingi mpaka kiwe mti wenye ndevu za kunasa ukungu. Ukikichoma tena kabla hakijafika, na tena, akiba ya kile kifundo inaisha, na hata kisipokufa kinabaki kichaka cha magotini milele. Unakuwa na erika, ndiyo, ila msitu wa erika huna. Kichaka cha nusu mita kinashika ukungu kiasi gani? Na udongo ule mweusi uliochukua mamia ya miaka unaungua nao, mvua ya kwanza inausomba.

Kule Bale, Ethiopia, wafugaji wamekuwa wakichoma erika kwa vizazi vingi ili wapate vichipukizi laini na nyasi za mifugo, na wana utaratibu wao wa wapi na lini, kwa hiyo sitaki kusema kila moto ni uadui. Lakini hiyo ni tofauti kabisa na moto uliotoroka mkononi mwa mtu mwenye haraka.

Ni kweli viko vya kuvutia tumbaku vinatengenezwa na huu mmea?

Kweli kabisa, na vinatengenezwa na kile kifundo nilichosema hapo juu. Nchi za Mediterania wanakichimba kikiwa na miaka kama 30 au zaidi, wanakikata, wanakichemsha masaa mengi kutoa uchachu, wanakikausha miezi, ndo wanachonga. Mti wake ni mgumu, unahimili joto, hauungui kirahisi hata ukiwasha tumbaku ndani yake kila siku. Mji wa Saint-Claude nchini Ufaransa ulipata umaarufu wake kwa kazi hiyo tangu karne ya 19. Inashangaza kidogo ukifikiria, matawi yanashika moto kama petroli na kifundo cha mti huohuo kinakaa na moto bila shida.

Msiende kuchimba Kilimanjaro. Ukikichimba kifundo umeua mmea wote, hapo hakuna kuchipua.

Nyuki wanaipenda?

Sana tu. Arborea inategemea wadudu na nyuki ndo wateja wakubwa, Ulaya kuna asali inayojulikana kabisa kuwa ni ya erika, nyeusi nyeusi kidogo na yenye ladha nzito. Ndege aina ya chozi mnaowaona mlimani sanasana wanafuata maua marefu kama yale mekundu ya Kniphofia na yale ya lobelia, kengele ya milimita 3 haina nafasi ya mdomo wa ndege.

Inachanua mwezi gani?

Ulaya ni Machi hadi Mei. Huku kwetu ambako hakuna majira ya baridi na ya kuchipua kama ya kwao nimekuta maua miezi tofauti tofauti, upande huu wa mlima zimechanua, upande wa pili bado.

Naweza kuipanda nyumbani?

Inategemea nyumbani ni wapi. Pwani na sehemu za joto sahau, itakaa wiki chache ikuvunje moyo. Sehemu za baridi za nyanda za juu inawezekana, kwa masharti haya.

Udongo uwe wa tindikali na usiotuamisha maji. Yenyewe inavumilia kuliko ndugu zake wengi, lakini udongo wa chokaa itakuwa ya njano na kudumaa. Usiipe mbolea nyingi, hili ndo kosa la watu wenye upendo, mnaimwagia samadi mnaiua. Mizizi yake ni nyuzi nyembamba mno na inaishi kwa kushirikiana na kuvu wa kwenye udongo ambao wanaitafutia chakula, ukijaza mbolea unavuruga huo ushirikiano. Kama maji yako ya bomba ni ya chumvi chumvi kinga ya mvua. Juu ya mizizi weka majani makavu ya misonobari au magome, na usilimelime karibu na shina.

Kwa mbegu, zinyunyize juu ya udongo usizifukie, zinahitaji mwanga, halafu vuta subira. Kwa vipandikizi chukua kijiti ambacho hakijakomaa sana, kichomoe na kisigino chake, yaani kipande kidogo cha gome la tawi kilipoota, weka kwenye mchanga uliochanganywa na udongo mwepesi, funika unyevu usipotee. Ikizidi kurefuka na kuwa na mapengo unaweza kuikata chini kabisa, itachipua, jamii nyingi za erika huwezi kuzifanyia hivyo.

Na tafadhali nunua kitaluni au omba kwa mtu anayeikuza.

Kwa nini nisichukue tu kijitawi mlimani?

Kwa sababu ni hifadhi ya taifa, kuchuma mmea ni kosa kisheria, na pia kwa sababu wanaopanda kila mwaka ni makumi ya maelfu. Kijitawi chako kimoja, na cha mwenzako, na cha mwenzake.

Ni sumu? Ni dawa?

Erika yenyewe haijulikani kuwa na sumu, watu wa Mediterania wameitumia kienyeji kwa mambo ya mkojo. Ila kwenye ukoo wake wapo rododendroni ambao baadhi yao asali yao inalevya na kuumiza watu, kwa hiyo usichukulie kwamba undugu ni usalama. Mimi siinywi na simshauri mtu.

Nilipanda Kilimanjaro mwaka jana na sikumbuki kuiona, niliipitia wapi?

Uliipita kati ya mwisho wa siku ya kwanza na siku ya pili. Kama ulienda njia ya Marangu ni pale ulipotoka Mandara, msitu ukaisha ghafla, kabla ya kufika kempu ya Horombo. Machame ni mwisho wa siku ya kwanza na asubuhi ya siku ya pili ukiwa unapanda kwenda Shira. Pengine ulikuwa unahema, unaangalia visigino vya aliye mbele yako na kuuliza kempu bado mbali kiasi gani, na mwongozaji wako alikuwa anakusubirisha mawingu yafunguke ili akuonyeshe Kibo. Picha zako bado unazo kwenye simu, zifungue uangalie nyuma ya kichwa chako, vile vichaka vya kijani kiza vilivyojaa ndevu za kijivu, ndo zenyewe hizo.